Je, Wajua? Utomvu mwingi haumaanishi bangi kali

Ua jike la bangi likitazamwa kwa kioo cha kukuzia huonekana limejaa vinywele vyenye vichwa vinavyong'aa. Hizo ni tezi za utomvu. Zile za majani huwa zimeketi juu ya ngozi ya jani, zikiwa na seli 8 za kutengeneza utomvu; nyingi za ua huinuliwa na kikonyo na huwa na seli 12 hadi 16. Utomvu hukusanyika chini ya utando mwembamba wa kichwa hadi kikavimba.

Wengi huamini kwamba mmea unaong'aa zaidi ndio mkali zaidi. Si lazima. THC, kemikali inayolewesha, na CBD, isiyolewesha, hutokana na malighafi ileile, CBGA, na jeni za vimeng'enya ndizo huamua ipi itengenezwe. Santhica, bangi ya nyuzi ya Ufaransa, hubaki na CBG, ambayo hutokana na CBGA hiyo na hailewеshi. Je, basi tezi hazina maana kwa mzalishaji wa mbegu? Zina maana kubwa, kwani bila tezi nyingi hata jeni bora hutoa mavuno haba. Ila aanze na kipimo cha maabara, kwa kuwa jicho huona wingi tu, aina halioni.