Mshubiri: Jani Moja, Maji Mawili

Barazani na madirishani mwa nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe husimama mmea wa majani mapana, manene, yenye miiba ya pembeni kama meno ya msumeno. Ndio mshubiri. Asili yake ni Bara Arabu, na Waarabu huuita sabir, kwa herufi zile zile za neno subira. Jina limesadifu, kwani humtaka mtunzaji asiye na pupa ya kumimina maji.

Mishubiri ya nyumbani haifi sana kwa kiu. Hufa kwa wingi wa huba. Chomeka kidole udongoni, na ukikuta unyevu, uache. Masika yaingiapo, sogeza chungu chini ya paa, maana mizizi ikilala majini huoza na majani hulegea. Jani lililosinyaa na kujikunja ndilo lenye kiu.

Hata ndoo kuukuu ya rangi yafaa, mradi itobolewe chini. Changanya udongo na mchanga nusu kwa nusu, wala usichukue mchanga wa ufuoni, una chumvi. Maji ya visima vyetu vingi nayo yana chumvi ambayo hujikusanya chunguni. Mara moja moja uoshe udongo kwa maji ya mvua hadi yatoke chini. Na nyumba inunuayo maji kwa mtungi isione uzito: maji ya udhu yaliyokingwa beseni, yasiyo na sabuni, yatosha.

Vichipukizi hutokea ubavuni. Kikifika kimo cha shubiri (ya kiganja, si ya mmea), king'oe na mizizi yake, kilaze kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, ndipo ukipande.

Matumizi ndiyo yenye hadhari. Jani likikatwa hutoa maji mawili. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu. Ndani mna ute mwangavu. Ute hutuliza ngozi iliyobabuka kwa jua. Utomvu ni haluli kali, na mwaka 2002 Marekani iliziondoa madukani haluli zake kwa kukosa uthibitisho wa usalama. Mjamzito asiunywe, kwani husokota tumbo na huenda ukaamsha uchungu kabla ya wakati.

Bibi zetu walipaka shubiri chuchuni kumwachisha mtoto ziwa. Kwa heshima zote kwao, desturi hii tuiache. Mtoto humeza utomvu ule ule, akaharisha, na mwili mdogo hukaukiwa maji upesi. Miaka miwili ikitimia, afadhali mama apunguze nyonyo moja baada ya moja, akianza za mchana, na mahali pake ampe uji au kikombe cha maziwa.

Utakapo ute, kata jani la chini kabisa, lisimamishe ndani ya glasi robo saa utomvu uchuruzike, lioshe, kisha limenye. Jaribu kwanza kidogo mkononi.

Mche usiutafute mwituni. Amri ya rais ya mwaka 1986 ilikataza mishubiri ya mwituni nchini Kenya kuvunwa kwa biashara ila iliyopandwa, tena jamaa zake wengine wana sumu. Mmoja wa kaskazini utomvu wake umetumiwa kuulia fisi. Mwombe jirani kichipukizi. Mwenye mshubiri mmoja huwa navyo vya kugawa.