Kanga wa Ukambani na Gobori ya Mlio Mmoja

Mabibi zetu wa pwani hujitanda kanga, nguo ambayo sisi wa Mombasa twaiita leso, na yasemekana ilipata jina hilo kwa madoadoa yake yaliyofanana na ya ndege. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliomwona ndege mwenyewe porini? Msafiri wa Nairobi akipita Mtito Andei asubuhi na mapema, huenda akabahatika kuliona kundi likivuka vumbi jekundu, mmoja nyuma ya mwenziwe, kama wanachuoni waendao kusoma.

Huko Makueni, na ng'ambo ya mto Athi katika Kitui, kanga ni kitoweo cha tangu zama. Ana mbawa, lakini akishtuka hupenda kwanza kutimua mbio. Usiku hulala juu ya miti. Alfajiri hushuka, na wakati wa kiangazi hutafuta maji. Kwa hiyo mwindaji wa miguu hana budi kuyajua maji kabla ya kumjua ndege.

Na maji ya nchi ile si jambo la mchezo. Mwaka 1851, Ludwig Krapf, mmishionari wa Rabai, alikuwa safarini na Kivoi, tajiri wa pembe wa Kitui, walipovamiwa karibu na mto Tana. Kivoi aliuawa, Krapf akakimbia peke yake. Kwa kukosa kibuyu, alitia maji ndani ya mitutu ya bunduki yake akaiziba kwa majani. Siku hiyo bunduki ilimfaa zaidi kwa kiu kuliko kwa vita.

Silaha ya jadi ya Mkamba ni uta na mshale. Silaha za baruti zilipanda bara kwa misafara, ile iliyoteremsha pembe na kupandisha nguo na shanga. Gobori hushindiliwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha tambara, kisha marisau na tambara jingine, yote yakagandamizwa kwa mdeki. Mwisho hutiwa fataki. Ikisha kulia mara moja, basi. Mpaka ushindilie tena, kundi zima limekwisha kutoweka. Tena marisau hutawanyika upesi, hayafai mbali. Mwenye gobori hunyemelea, huinama, hujificha nyuma ya kichaka, mpaka awe hatua chache tu. Mvumilivu hula mbivu.

Kwetu sisi Waislamu ukaribu huo una maana nyingine. Neno bunduki lenyewe lina asili ya Kiarabu, bunduq, kitufe cha udongo kilichorushwa kwa uta ili kuangusha ndege. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wetu pwani, ndege aliyekufa kwa kishindo cha kitufe hicho, pasipo ncha ya kumchoma, si halali. Ila akiwahiwa angali hai akachinjwa. Ilipozuka baruti, wanavyuoni walihitilafiana juu ya risasi. Lakini hapana aliyehitilafiana juu ya kisu. Aliyefyatua karibu aweza kukimbia, akapiga Bismillahi na kuchinja roho ingalimo. Aliyefyatua kwa mbali hukuta mzoga.

Leo msitu wa Ukambani hausikii tena mlio huo kwa halali. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na sheria ya mwaka 2013 yakataza hata kuwinda kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Atakaye kanga leo huomba kibali, akamfuga uani pamoja na kuku. Sheria hiyo haikosi hekima, maana wanyama walikuwa wakiteketea, na panga na shoka zakata miti wanamolala ndege.

Hata hivyo, wazee waliojua kanga hunywa wapi na hulala mti gani wanatutoka mmoja mmoja. Kuua kumekatazwa, kujua hakukukatazwa. Kijana wa Kitui aweza bado kuamka alfajiri, akamfuata mzee wake hadi mtoni, mikono mitupu, wakahesabu madoadoa yakipita.