Antena ya Maktaba

Bila shaka kila aliyepita mbele ya maktaba yetu ameiona ile fimbo nyeupe iliyosimama juu ya paa. Ile ni antena. Ilinunuliwa mwaka jana kwa fedha za wazazi ili itupatie intaneti, na mpaka leo intaneti hiyo huja kama mgeni asiyependa kukaa. Wengine husema kosa ni la mnara, wengine la kompyuta zetu kuukuu, na bwenini kwetu wapo wasemao ni mkosi. Mwenzangu wa kitanda cha juu alitoroka usiku kwenda kilimani kutafuta mitihani ya miaka iliyopita kwa simu ya kuazima, akakamatwa, akarudishwa nyumbani wiki mbili. Mimi nimewasumbua walimu wa fizikia muhula mzima, na nimeona kwamba kosa ni la uchaguzi. Kwa kuwa mkutano ujao wa wazazi utaombwa fedha tena, nataka kuyaeleza mambo haya kwa kadiri nilivyoyafahamu.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba antena haiongezi nguvu. Kazi yake ni kuzikusanya nguvu zilizopo na kuzielekeza upande fulani. Chukua taa ya chemli uiweke katikati ya uwanja wa mpira usiku: yaangaza pande zote, lakini aliye golini hawezi kusoma kitabu. Sasa chukua kurunzi ummulikie: atasoma. Kilicholeta tofauti ni kile kioo kilicho nyuma ya balbu. Na antena ifanyavyo katika kupeleka, ndivyo ifanyavyo katika kupokea.

Basi fimbo yetu ni chemli. Muuzaji alisema ni bora kwa sababu “inashika pande zote,” na kwa kweli hakusema uongo. Lakini mnara tunaoutegemea uko mahali pamoja tu, kilomita 10 kaskazini yetu, nao hauhami. Pande nyingine twazishika za nini? Huko hatupati ila makelele ya mitambo ya watu wengine.

Wauzaji hupima ukusanyaji huo kwa desibeli, na hapo ndipo wengi wetu hupotea. Kila desibeli 10 maana yake ni mara kumi. Kila desibeli 3 ni karibu mara mbili. Fimbo yetu ni ya desibeli 12, yaani mara 16 hivi kuliko antena ya kufikirika inayotawanya sawasawa kila upande. Sahani yenye upana wa sentimita 60, kwa masafa ya gigahezi 5.8 ambayo mnara ule hutumia, hufikia desibeli 28 hivi, ambazo ni zaidi ya mara 600. Sahani ndiyo kurunzi.

Kuna na ile ya namna ya mifupa ya samaki, iliyo juu ya nyumba nyingi zenye televisheni. Ilibuniwa Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi katika miaka ya 1920. Hiyo yafaa sana kwa mtandao wa simu wa megahezi 800, ambako wimbi moja lina urefu wa sentimita 37 na nusu. Kwa gigahezi 5.8 wimbi ni sentimita 5 tu, na sahani ndogo yatosha kuyakusanya mengi. Kwa hiyo mnunuzi aulize kwanza mnara unatumia masafa gani. Antena ya masafa mengine ni pambo la paa.

Jambo la pili ni njia yenyewe. Nilidhani mawimbi hupita kama uzi ulionyoshwa, kumbe njia yao ina umbo la muhogo, nyembamba nchani na nene katikati. Kwa kilomita zetu 10, katikati unene wake ni mita 11 kutoka kwenye mstari wa kati kwenda kila upande, na sehemu sita katika kumi za unene huo sharti ziwe wazi. Miembe yetu iko umbali wa nusu kilomita tu, ambapo mstari wapaswa kupita mita 3 juu ya vilele. Kutoka paa la maktaba mnara hauonekani kabisa. Nilipanda na mwalimu juu ya mnara wa tangi la maji, tukauona wote, na miembe iko chini sana. Tena tusiilaumu mvua: kwa masafa haya mvua hupunguza kidogo tu, majani yaliyolowa ndiyo yanayomeza.

Njia ikiwa wazi, umbali si kitu cha kutisha. Mwaka 2007 nchini Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vya milima, El Águila na Platillón, kilomita 382, kwa redio za faifa za kawaida zilizobadilishwa programu na kufungiwa antena kubwa za sahani.

Lililonichoma zaidi ni waya. Kutoka fimbo hadi mashine ya maktabani pana mita 12 za waya mwembamba, ambao kwa masafa haya hupoteza si chini ya desibeli 1 kila mita. Hesabu mwenyewe, msomaji: zile desibeli 12 tulizozilipia zimeliwa zote ukutani! Siku hizi redio hufungwa nyuma ya sahani palepale juu, na kinachoshuka ni waya wa mtandao, ambao waweza kwenda hadi mita 100, ukipandisha na umeme pia.

Sahani ina udhia wake. Mwanga wake ni mwembamba, kama nyuzi 6, hivyo nguzo ikisokotwa na upepo tutakuwa tunaumulikia mlima. Ifungwe kwa vyuma, si kwa kamba kama ile fimbo. Tena ilazwe au isimamishwe sawa na ile ya mnarani, maana ikipishana robo duara hupoteza karibu zote. Na waya mnene wa shaba wa kupeleka radi ardhini usikose, kwa kuwa tangi lile ndilo refu kuliko vitu vyote hapa shuleni, nasi huteka maji chini yake asubuhi na jioni.

Mwanafunzi, Kidato cha IV