Mguu wa Kaboni na Saini ya Suluhu

Mimi ni fundi wa miguu bandia. Kila ninaposhika unyayo wa kaboni, kidole changu huufuata mpindo wake hadi nchani, maana najua ulikotoka. Van Phillips, kijana wa Marekani, alikatika mguu mwaka 1976 akiwa na miaka 21, alipogongwa na boti akiteleza majini. Miguu bandia ya wakati ule ilikuwa mizito, kama gogo. Akasomea ufundi huu, akabuni mguu unaobonyea mwili unapotua, kisha unaurusha mbele. Mwaka 1984 akaanzisha kampuni ya Flex-Foot, na uvumbuzi wake ukapewa hataza.

Hataza ni hati ya serikali inayomruhusu mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze kitu chake kwa muda maalumu. Lakini hutolewa na mkaguzi, na mkaguzi ni binadamu. Huenda kitu hicho kilikuwapo zamani. Ndiyo maana anayeshtakiwa kwa kuiga huruhusiwa kujibu kwamba hati yenyewe haikustahili kutolewa.

Flex-Foot iliishtaki CRP, kampuni shindani iliyouza miguu kwa jina la Springlite. Wakapatana: CRP ikachukua leseni, ikaahidi kwa maandishi kutopinga tena uhalali wa hataza, kesi ikafungwa. Baadaye wakagombana upya, CRP ikataka kuifufua hoja ileile. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa inayosikiliza kesi za hataza Marekani ikakataa: umeahidi, basi.

Hapa wengi hukwama, nami nilikwama. Mwaka 1969, katika kesi ya Lear na Adkins, Mahakama ya Juu ya nchi hiyohiyo ilikuwa imesema kinyume, au ndivyo inavyoonekana. John Adkins alibuni njia bora ya kutengeneza jairoskopu, kifaa kinachosaidia kuongoza ndege. Kampuni ya Lear ikakubali kumlipa mrabaha, kisha ikaacha, ikidai hakuna jipya pale. Majaji wakasema mwenye leseni asifungwe mdomo. Mara nyingi ni yeye peke yake mwenye sababu ya kuichunguza hataza. Akinyamazishwa, umma utaendelea kulipia kitu ambacho ni mali ya wote.

Tofauti iko kwenye njia iliyopitwa kabla ya kusaini. CRP ilikwisha kufikishwa mahakamani, ikapinga, ikapata nafasi ya kukusanya ushahidi, ndipo ikaweka silaha chini kwa maneno yasiyo na utata. Ahadi kama hiyo ikivunjika kirahisi, nani atakubali kupatana? Lakini mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York, katika kesi ya Rates na Speakeasy, ilikataa kuitambua ahadi ya aina hiyo iliyotolewa kabla ya kesi yoyote kufunguliwa.

Naukubali uamuzi wa 2001, ila moyo unaniuma. Anayesubiri mguu hakuwapo mezani walipopatana, na bei ataibeba yeye. Hataza dhaifu inaweza kuishi muda wake wote endapo kila mshindani atapewa leseni nafuu ili anyamaze. Nafuu ninayoiona ni hii: suluhu huwafunga walioisaini. CRP ilijifunga kwa mkono wake. Mtengenezaji mwingine, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye karatasi ile, akishtakiwa angeweza bado kusimama mbele ya jaji na kuuliza kama mpindo ule ulikuwa mpya kweli.