DARASA LA JUMAMOSI: NAMNA YA KUENDESHA MAFUNZO YA BURE YA KIINGEREZA

Mtoto wa darasa la saba hapa Kibiti hufanya mtihani wake wa mwisho mwezi wa Septemba. Akifaulu, huingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Katikati ya miezi hiyo hakuna kengele inayomwita wala mwalimu anayemngojea. Kwa miaka saba amejifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na Kiingereza amekisoma kama somo moja tu miongoni mwa mengine. Januari ikifika, masomo yale yale humjia kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari hunyamaza, na wengi hudhani kwamba akili yake imepungua. Kumbe haikupungua; imefungiwa mlango tu.

Mpango huu wa lugha mbili si wa jana. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali Tanzania Bara, na Kiingereza kikabaki katika sekondari. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Bwana Jackson Makwetta ilishauri kwamba Kiswahili kitumike hata katika sekondari, lakini shauri hilo halikutekelezwa. Wataalamu wangali wakijadiliana juu ya jambo hili, nasi hatuna nia ya kuwaamulia. Lakini mtoto atakayeingia kidato cha kwanza Januari ijayo hawezi kungojea majadiliano yaishe.

Mijini, wazazi wenye uwezo huwalipia watoto wao masomo ya maandalizi katika miezi hiyo. Huku kwetu mvuvi na mkulima wa mpunga mara nyingi hawawezi. Ndiyo sababu baadhi yetu wanafunzi tulianza kufundisha bure siku ya Jumamosi, na huu ni mwaka wa pili. Wanafunzi wengi wametuuliza kazi hii hufanywaje. Makala hii ni jibu letu.

RUHUSA KWANZA

Mwanafunzi wa bweni hatoki nje ya shule kwa kupenda kwake. Jambo la kwanza ni kumwendea mkuu wa shule na kumwomba mwalimu mmoja awe mlezi wa kikundi. Kisha huandikwa barua kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ili atoe chumba. Mwenyekiti wa kijiji naye huarifiwa, na wazazi huitwa waone ni nani watakaowafundisha watoto wao na kwa saa ngapi.

Taratibu hizi huwachosha wengine, lakini zina maana yake. Mzazi haachi mtoto wake mikononi mwa vijana asiowajua. Kwa sababu hiyo sisi hufundisha mchana, milango ikiwa wazi, waalimu wawili wawili, na wasichana wetu wakiwamo katika zamu. Kazi hwisha mapema ili kila mtoto afike kwao kabla ya jua kuzama.

Neno "bure" nalo lina sheria yake. Mama mmoja alituletea shilingi mia tano kwa moyo mzuri kabisa, nasi tukamrudishia kwa adabu. Mmoja akilipa, yule asiye nacho huona haya na kubaki nyumbani, na huyo ndiye aliyekusudiwa. Anayetaka kushukuru na alete maembe, yaliwe na darasa zima.

NINI KIFUNDISHWE

Miezi mitatu haitoshi kufundisha Kiingereza chote, wala mtu asijidanganye. Kazi yetu ni ndogo na ina mpaka: kumpa mtoto maneno yatakayomfungulia masomo anayoyajua tayari.

Mwaka jana kulikuwa na mtoto mmoja, hodari wa hesabu katika shule yake. Tuliandika ubaoni "Find the perimeter" chini ya picha ya mstatili. Alitazama tu, asiseme neno. Mwenzangu alipomwambia kwamba "perimeter" ni mzingo, alitoa jibu kabla ya chaki kurudishwa mezani. Hakupungukiwa na hesabu. Alipungukiwa na neno moja.

Basi sisi huanza na maneno ya namna hiyo. Kuna maneno ya hesabu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, eneo, mzingo, sehemu. Kuna maneno ya sayansi ambayo mtoto anayafahamu kwa Kiswahili, mathalani usanisinuru. Akiambiwa kwamba "photosynthesis" ni jambo lile lile, hofu humtoka. Kisha kuna maneno ya amri yanayokuja katika kila mtihani: "explain", "describe", "list", "compare", "draw". Mwanafunzi asiyejua tofauti ya kutaja na kueleza hupoteza alama ingawa jibu analo kichwani.

Kila neno hufuata njia moja. Kwanza mtoto hulisikia. Pili hulitamka. Tatu huliandika. Nne hulitumia katika sentensi yake mwenyewe. Maneno kumi kwa siku yanatosha, na Jumamosi ifuatayo huanza kwa kuyauliza yale kumi ya nyuma.

Yafaa pia mwalimu ajue mahali ambapo Kiswahili na Kiingereza huachana, maana hapo ndipo watoto hujikwaa. Sisi husema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Waingereza wana "he" na "she", na mtoto husema "he" akimtaja mama yake. Neno letu huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto husoma "desk" kama "deski". Sisi huandika kama tunavyotamka. Kiingereza huandika "knife" na herufi ya kwanza isitamkwe. Tena kuna saa: saa moja asubuhi kwetu ni "seven o'clock" kwao, na mtoto asiyeelezwa atasema "one o'clock" bila wasiwasi wowote. Makosa haya si ya ujinga. Ni alama kwamba mtoto anafikiri kwa lugha yake, na mwalimu akieleza sababu, kosa hupungua haraka kuliko akikemea.

Kwa hiyo twafundisha Kiingereza kwa msaada wa Kiswahili. Huwakumbusha watoto kwamba maneno kadhaa ya Kiingereza wanayo tayari: baiskeli, penseli, hospitali, benki. Atambuaye kwamba amekwisha anza safari haogopi kuendelea.

Fimbo haina nafasi katika darasa hili, wala hatutangazi nani wa kwanza na nani wa mwisho. Mtoto aliyekuja kwa hiari huondoka pia kwa hiari akiaibishwa.

DARASA LA DELTA

Wenzetu wengi hutoka visiwani, katika kata za Salale, Maparoni, Kiongoroni, Mbuchi na Msala. Huko ndiko kwenye haja kubwa, na ndiko ratiba ya kawaida isikofaa. Bara mtu huweza kusema, "Kila Jumamosi saa nne asubuhi," na watoto wakaja. Delta saa hupangwa na maji.

Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kadiri ya dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Kwa siku 7 hizo ni dakika 350, yaani karibu saa 6. Na kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni kadiri ya saa 6 vilevile. Maana yake ni hii: ikiwa Jumamosi hii saa nne asubuhi maji yamejaa na mitumbwi inapita katika vijito vya mikoko, Jumamosi ijayo saa ile ile maji yatakuwa yamekupwa na mitumbwi imekaa matopeni. Mtoto wa ng'ambo atafika wiki hii na kukosa wiki ijayo, na mwalimu asiyejua bahari atamwita mvivu.

Dawa yake si ngumu. Ratiba ya delta huandikwa kwa saa za maji, hubandikwa mahali wavuvi wanapopandisha vyombo, na mzee mmoja wa kijiji huombwa aikague kabla ya kubandikwa, kwa kuwa yeye ayajua maji kuliko sisi. Watoto wa ng'ambo moja wakizidi kumi, ni afadhali mwalimu mmoja avuke kwao kuliko watoto kumi kuvuka kwake. Hakuna mtoto anayevuka bila mtu mzima. Darasa likiahirishwa mara mia ni heri kuliko mtumbwi kupinduka mara moja.

KAZI KUBWA NI KUENDELEA

Kuanza ni rahisi. Wiki ya kwanza kila mtu ana nguvu. Ikifika wiki ya nne, kuna mpira Jumamosi, kuna nguo za kufua, kuna majaribio Jumatatu. Mwalimu asipokuja, watoto ishirini hukaa chini ya mwembe wakingoja, kisha hurudi kwao. Wakingoja bure mara mbili, ya tatu hawaji. Mwalimu wa kujitolea halipwi, lakini ameahidi, na ahadi yake ndiyo mtaji wote wa darasa.

Nchi yetu ina somo kubwa juu ya jambo hili. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, takriban thuluthi mbili za watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye zikateuliwa wilaya chache zitangulie kufuta ujinga huo, na jirani yetu Mafia ilikuwa mojawapo. Waliofundisha wengi wao hawakuwa waalimu wa kusomea. Walikuwa watu wa kujitolea, wengine wamemaliza darasa la saba tu, wakifundisha shuleni jioni, katika nyumba za watu na chini ya miti. Kufika mwaka 1986, wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya mtu mmoja katika kila 10.

Lakini fedha zilipopungua na watu wa kujitolea wakachoka pasipo wengine kushika nafasi zao, madarasa mengi yalikufa. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 3 katika kila 10 hawakujua kusoma. Kazi iliyofanywa na maelfu ilirudi nyuma. Ikiwa jambo kubwa namna ile liliweza kurudi nyuma, darasa letu la chumba kimoja laweza kufa kwa Jumamosi tatu.

Kwa sababu hiyo twafanya mambo matatu. La kwanza ni daftari. Humo huandikwa mahudhurio, maneno yaliyofundishwa, na jambo lililowashinda watoto, ili mwalimu wa zamu ijayo asianze gizani. La pili ni zamu: hakuna afundishaye Jumamosi mbili mfululizo, maana aliyechoka hufundisha vibaya. La tatu ni urithi, nalo ndilo lenye uzito zaidi.

Tazameni kalenda ya shule. Darasa letu huanza baada ya mtihani wa darasa la saba, mwezi wa Septemba. Lakini Novemba kidato cha nne wana mtihani wa taifa, na kidato cha pili wana upimaji wao karibu na wakati huo huo. Basi mzigo wa Septemba hadi Novemba hauna budi kubebwa na kidato cha tatu na cha kwanza. Wa kidato cha tatu huongoza. Wa kidato cha kwanza husaidia, tena msiwadharau: yeye ndiye aliyekwama juzi juzi katika maneno yale yale, na anakumbuka ni yapi. Sisi wa kidato cha nne tukimaliza mtihani tutarudi makwetu, na kwa kuwa hatutakuwa na masomo, Desemba yote tutafundisha vijijini na visiwani. Hivyo kila kidato kina sehemu yake, na hakuna mtihani wa mtu unaoharibika.

OMBI

Kidato cha tatu, daftari lipo kwa mwalimu mlezi. Twahitaji majina kumi na sita, yaani watu wanne kwa kila Jumamosi ya mwezi, kabla ya muhula huu kufungwa, ili mfuatane nasi mara mbili tatu muone kazi ilivyo. Waalimu wetu, twawaomba mtukague, na mtusahihishe Kiingereza chetu kabla hatujakifikisha kwa wengine. Wazazi, msitupe fedha. Tupeni mtoto kwa wakati, na wale wa delta, tupeni mtu mzima wa kushika kafi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Maneno kumi kwa Jumamosi, kwa Jumamosi kumi, ni maneno mia moja. Mtoto mwenye maneno mia moja Januari hatajibu kila swali, lakini atalielewa swali, na atanyosha mkono.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne