Upasuaji wa matundu madogo tumboni: ultrasaundi inavyomwonyesha daktari njia

Mgonjwa anayepewa barua ya rufaa kwenda kupasuliwa tumbo mara nyingi huuliza maswali mawili. La kwanza: je, nitapasuliwa tumbo lote? La pili huja pale anapoambiwa kwamba atatobolewa matundu madogo tu: sasa daktari ataonaje kilichomo ndani? Maswali haya ni ya haki. Mtu hawezi kukubali kwa moyo mmoja tiba asiyoielewa, na wapo wanaokataa rufaa kwa sababu tu hakuna aliyekaa nao akawaeleza.

Makala hii inaeleza jinsi daktari anavyotumia ultrasaundi kuongoza mkono wake anapofanya kazi tumboni kupitia tundu dogo. Tumechukua mfano wa ugonjwa unaojulikana sana katika eneo la Turkana, Kenya, iliko kambi ya Kakuma: mifuko ya maji kwenye ini inayosababishwa na tegu wa mbwa.

KAMERA INAONA NINI?

Katika upasuaji wa kawaida daktari hufungua tumbo kwa kisu, huona kwa macho yake na kupapasa kwa vidole. Katika upasuaji wa matundu madogo hutoboa matundu machache, kila moja likiwa na upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja hivi. Kwanza tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake uinuke na kuacha nafasi. Kisha kamera nyembamba yenye taa hupitishwa kwenye tundu moja, na vifaa vya kukatia na kushikia hupitishwa kwenye mengine. Daktari hutazama skrini anapofanya kazi.

Mwaka 1985, daktari Erich Mühe wa Ujerumani alitoa mfuko wa nyongo kwa njia ya namna hii, na katika miaka iliyofuata njia hiyo ilienea duniani. Faida zake ni wazi: kidonda ni kidogo, maumivu ni machache, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema.

Lakini njia hii ina upungufu mmoja. Kamera huona sehemu ya nje ya kiungo tu. Ukisimama barabarani unaona ukuta wa nyumba, huoni waliomo ndani. Vivyo hivyo kamera inaonyesha ini likiwa jekundu na laini, lakini haionyeshi kilichojificha katikati yake, wala mshipa mkubwa wa damu unaopita sentimita mbili chini. Zamani daktari aligundua uvimbe uliojificha kwa kubonyeza ini kwa vidole. Sasa vidole viko nje. Hapo ndipo ultrasaundi inapohitajika.

SAUTI INAYOLETA PICHA

Sikio la binadamu husikia sauti inayotetema hadi mara 20,000 hivi kwa sekunde. Ultrasaundi hutumia sauti inayotetema mara milioni kadhaa kwa sekunde, ambayo hakuna mtu anayeweza kuisikia. Kifaa hupeleka sauti hiyo mwilini, nayo hugonga viungo na kurudi kama mwangwi. Mashine hupima mwangwi umechukua muda gani na una nguvu kiasi gani, kisha huchora picha.

Maji hayarudishi mwangwi, kwa hiyo mfuko wa maji huonekana mweusi. Nyama ya ini huonekana ya kijivu. Kijiwe cha nyongo hung'aa na kuacha kivuli nyuma yake. Hakuna mionzi kama ile ya eksirei, na ndiyo maana kipimo hiki hutumika hata kwa mama mjamzito.

Adui mkubwa wa ultrasaundi ni hewa, kwa sababu hewa huizuia sauti kupita. Ndiyo sababu unapakwa jeli tumboni: kuondoa hewa kati ya ngozi na kifaa.

Sasa kumbuka kwamba katika upasuaji wa kamera tumbo limejazwa gesi. Daktari akiweka kifaa juu ya ngozi, hataona kitu. Kwa hiyo kimetengenezwa kifaa maalumu, kirefu na chembamba, chenye upana wa sentimita moja hivi, kinachopita kwenye tundu na kugusa ini lenyewe. Kwa kuwa kiko karibu sana na kiungo, kinaweza kutumia sauti inayotetema kwa kasi zaidi, ambayo haifiki mbali lakini hutoa picha safi. Hivyo kinaweza kuonyesha uvimbe mdogo ambao kipimo cha juu ya ngozi hakikuuona.

Kwa kifaa hiki daktari hufanya mambo matatu. Hutafuta ugonjwa uliojificha, kama vile uvimbe ndani ya ini au kijiwe kilichokwama kwenye mrija wa nyongo. Huangalia mishipa ya damu iko wapi kabla ya kukata. Tena huongoza sindano hadi mahali panapotakiwa, akiiona ncha yake ikisogea kwenye skrini.

Vifaa hivi vya ndani hupatikana katika baadhi ya hospitali kubwa. Mashine ya kawaida ya juu ya ngozi ndiyo iliyoenea zaidi, na kama tutakavyoona, hiyo nayo inaweza kuongoza tiba ya tundu dogo kabisa, yaani tundu la sindano.

UGONJWA WA TEGU WA MBWA

Tegu huyu ni mdogo sana, urefu wake ni milimita chache tu, na huishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia huyala malishoni, na ndani ya ini au mapafu yao hukua mifuko ya maji. Mbwa akila ini hilo bichi, mzunguko huanza upya. Binadamu huingia katika mzunguko huu anapomeza mayai kwa mikono michafu, maji au chakula. Ugonjwa hauambukizwi kutoka mtu hadi mtu, na mgonjwa hapaswi kutengwa.

Turkana ni miongoni mwa maeneo yaliyowahi kurekodi wagonjwa wengi zaidi wa aina hii duniani, na shirika la AMREF liliendesha mradi wa kuudhibiti huko tangu miaka ya 1980. Ultrasaundi ilisaidia sana, kwa kuwa mashine iliweza kupelekwa vijijini na watu wakapimwa hapohapo. Ugonjwa huu uko pia kwa wafugaji wa Karamoja nchini Uganda, kwa Watoposa wa Sudan Kusini, na kusini-magharibi mwa Ethiopia.

Mfuko hukua polepole kwa miaka. Mtu anaweza kuwa nao bila kusikia maumivu yoyote. Baadaye tumbo huvimba upande wa kulia chini ya mbavu, huhisi uzito, na pengine macho huwa ya manjano kama mrija wa nyongo umebanwa. Wengine hudhani wamerogwa, na mwanamke huweza kudhaniwa ana mimba. Kipimo cha ultrasaundi cha dakika chache huondoa shaka nyingi.

TUNDU LA SINDANO

Si kila mfuko hutibiwa kwa namna moja. Ultrasaundi humwonyesha daktari ukubwa wa mfuko na hatua uliyofikia. Mfuko wa maji matupu ulio chini ya sentimita 5 mara nyingi hutibiwa kwa vidonge vya albendazoli peke yake. Ule wa sentimita 5 hadi 10 unaweza kutibiwa kwa sindano pamoja na vidonge. Mfuko uliokwisha kukauka na kuwa mgumu mara nyingi hufuatiliwa tu kwa kupimwa tena, bila dawa wala kisu.

Tiba ya sindano ilianza kuelezwa na madaktari wa Tunisia katika miaka ya 1980. Hufanyika hivi:

1. Mgonjwa hupewa albendazoli kabla, huwekewa njia ya dawa kwenye mshipa wa mkono, na kupigwa ganzi.

2. Daktari huweka kifaa cha ultrasaundi juu ya ngozi na kuingiza sindano ndefu huku akiiona kwenye skrini. Huipitisha kwanza kwenye nyama nzima ya ini, ili maji yasivujie tumboni.

3. Maji ya mfuko hunyonywa na kuchunguzwa. Yakiwa na nyongo ndani yake, hatua inayofuata haifanywi, kwa sababu dawa inayotiwa inaweza kuharibu mirija ya nyongo.

4. Maji yakiwa safi, dawa ya kuua vimelea hutiwa kwenye mfuko. Huwa ni maji ya chumvi kali au spiriti maalumu. Husubiriwa dakika 10 hadi 15.

5. Dawa hiyo hunyonywa tena, na sindano hutolewa.

Baadaye mgonjwa hukaa chini ya uangalizi na kuendelea na vidonge kwa muda atakaoelezwa.

Bila picha ya ultrasaundi tiba hii isingewezekana. Tofauti kati ya kupona na kupata madhara ni sentimita chache tu: upande mmoja mfuko, upande wa pili mshipa wa damu.

KISU KINAPOHITAJIKA

Mfuko uliojaa mifuko mingine midogo ndani yake, au uliofungukia kwenye mirija ya nyongo, haufai kwa sindano ya namna hii. Mgonjwa huyo huenda akahitaji upasuaji. Mfuko ulio karibu na uso wa ini unaweza kutolewa kwa matundu madogo na kamera. Ule ulio ndani sana karibu na mishipa mikubwa mara nyingi ni salama zaidi kufungua tumbo. Katika hali zote mbili daktari huzungushia mfuko vitambaa vilivyolowekwa maji ya chumvi kali, ili tone lolote litakaloanguka lisipande ugonjwa mahali pengine.

Ikitokea daktari ameanza na matundu madogo kisha akaamua kufungua tumbo, usidhani amekosea. Ameona jambo ambalo kwa usalama wako linahitaji nafasi kubwa zaidi.

ONYO

Maji ya mfuko huu yakimwagika ndani ya mwili yanaweza kuleta mshtuko mkali: mwili huwasha, pumzi hubana, presha hushuka ghafla, na mtu anaweza kufa. Akinusurika, mifuko mipya inaweza kuota tumboni baada ya miaka. Kwa sababu hiyo tiba ya sindano hufanyika hospitali tu, mahali penye dawa na watu wa kuokoa maisha. Usikubali mtu yeyote atoboe, achanje au akande kwa nguvu tumbo lililovimba. Mtu mwenye mfuko huu akianguka au kupigwa tumboni, kisha akapata maumivu makali, kizunguzungu au vipele vya kuwasha, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

KABLA NA BAADA YA RUFAA

- Usile kwa saa ulizoambiwa. Ukila, mfuko wa nyongo hujikunja na usionekane vizuri. Na tumbo lenye chakula ni hatari wakati wa dawa ya usingizi.

- Mwambie daktari dawa zote unazotumia, za hospitali na za kienyeji. Mama, sema kama una mimba au unadhani unayo, kwa sababu albendazoli inahitaji tahadhari.

- Omba mkalimani. Usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujaelezwa kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kuuliza, na una haki ya kukataa.

- Vidonge vya albendazoli vinywe pamoja na chakula chenye mafuta, ili dawa iingie mwilini vizuri. Nenda ukapimwe damu kila unapoitwa, kwa kuwa dawa hii inaweza kusumbua ini.

- Baada ya upasuaji wa kamera unaweza kuumwa bega siku moja au mbili. Ni gesi iliyobaki, nayo huisha. Lakini homa, tumbo kuwa gumu, macho ya manjano au kidonda kutoa usaha ni dalili za kurudi haraka.

- Tunza karatasi za ultrasaundi pamoja na vitambulisho vyako. Mfuko unaweza kurudi baada ya miaka, na daktari mpya hawezi kujua kama umekua au umepungua bila picha ya zamani. Ukihamishiwa kambi nyingine, ukirejea nyumbani au ukipelekwa nchi ya tatu, karatasi hizo zisibaki nyuma.

KUMBUKA

Ultrasaundi si dawa, ni kipimo. Kulala chini ya mashine hakuondoi ugonjwa, na picha hutegemea sana ujuzi wa anayeishika. Kwa hiyo ukiambiwa urudi kupimwa mara ya pili, usione kama unasumbuliwa.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kushika mbwa. Usimwache mbwa alambe vyombo wala mdomo wa mtoto. Unapochinja, ini na mapafu yenye mifuko ya maji yachomwe moto au yafukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mbwa wapewe dawa ya minyoo pale huduma hiyo inapopatikana.

Ukiona uvimbe chini ya mbavu zako au za mtoto wako, hata kama hauumi, mweleze mhudumu wa afya wa eneo lako au fika kituo cha afya. Mfuko uliogunduliwa ukiwa mdogo unaweza kuisha kwa vidonge tu.