Mkate wa Nyumbani: Mafunzo kwa Wanaoanza

Vyama vingi vya msingi, na hasa vikundi vya akina mama vilivyo chini yake, hufikiria mradi wa mkate. Sababu yake inaeleweka. Mkate huliwa kila siku, mteja hulipa papo hapo, na kazi yenyewe haihitaji shamba. Lakini aghalabu shauri hilo huanzia mahali pasipofaa: mkutano huanza kwa kuzungumzia bei ya tanuri kubwa na mkopo wa kulinunulia, ilhali hakuna mwanachama aliyekwisha kuoka hata mkate mmoja kwa mikono yake. Tanuri halikandi unga, wala halijui kipimo. Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna anayeanza awezavyo kuoka mkate nyumbani kwa jiko la mkaa, na jinsi chama kinavyoweza kupima kutokana na kazi hiyo ndogo kama mradi utakilipa au hautakilipa.

Tuchukue mfano wa mwanachama anayeishi Pasiansi, Mwanza, mwenye jiko moja la mkaa, sufuria mbili na beseni. Vyombo hivyo vinamtosha.

1. Kwa nini ngano?

Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wamezoea ugali wa mahindi na wa muhogo, pamoja na viazi vitamu, vibichi au vilivyokaushwa kuwa michembe. Unga wa vyakula hivyo ukikandwa peke yake hauumuki. Ngano ina protini ambazo, zikilowana na kukandwa, hufanya utando unaovutika kama mpira. Hamira nayo ni viumbe hai, jamii ya kuvu, wadogo mno wasioonekana kwa macho. Hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hunaswa na ule utando, na donge huvimba. Anayelielewa jambo hili ameielewa nusu ya kazi: kukanda ni kujenga utando, na kungoja ni kuipa hamira nafasi ya kuujaza hewa.

2. Vipimo vya mkate mmoja

Unga wa ngano, nusu kilo. Maji ya vuguvugu, mililita 300. Hamira kavu, kijiko cha chai kimoja na nusu. Chumvi, kijiko cha chai kimoja na nusu. Sukari, vijiko viwili vya chakula. Mafuta ya kula, vijiko viwili vya chakula. Vijiko vyote visawazishwe, visijazwe kilima.

Maji yawe ya joto ambalo mkono hulistahimili bila taabu. Maji ya moto sana huua hamira, na mkate hautaumuka hata ukingojewa hadi jioni. Asiye na hakika na hamira yake aikoroge kwanza katika maji kidogo yenye sukari. Ikifanya povu kwa muda wa dakika kumi, ni hai. Isipofanya povu, asipoteze unga wake.

3. Kukanda na kuumua

Unga, chumvi, sukari na hamira vichanganywe katika beseni, kisha maji na mafuta yatiwe kidogo kidogo. Donge likandwe juu ya meza safi kwa dakika kumi hadi kumi na tano: lisukumwe mbele kwa kiganja, likunjwe, ligeuzwe, lisukumwe tena. Mwanzoni litanata mikononi. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kuongeza unga, na mwisho wake hupata mkate mgumu. Yafaa kuvumilia, kadiri linavyokandwa ndivyo kunata kunavyopungua. Donge lililoiva kwa mkono huwa laini, na kipande chake kikivutwa taratibu hufanya utando mwembamba kabla ya kukatika.

Donge hilo lipakwe mafuta, lifunikwe kwa kitambaa kibichi, na kuachwa hadi liwe mara mbili ya ukubwa wake. Kwa joto la mchana la Mwanza, saa moja hadi moja na nusu hutosha. Siku ya mvua na baridi huhitaji zaidi. Kisha libonyezwe kutoa hewa, lifinyangwe umbo la mkate, liwekwe katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, na kuachwa liumuke mara ya pili kwa nusu saa au zaidi kidogo. Likibonyezwa kwa kidole na shimo likarudi polepole, liko tayari kuokwa. Haraka haraka haina baraka, lakini kuchelewa nako kuna hasara: donge lililoumuka kupita kiasi huchacha na kuanguka motoni.

4. Kuoka kwa makaa

Sufuria kubwa itandazwe mchanga mkavu au vijiwe bapa chini, ipashwe moto, na sufuria ndogo yenye donge iwekwe juu ya mchanga huo. Sufuria kubwa ifunikwe kwa mfuniko bapa wa bati, na makaa yapaliwe juu yake. Kanuni ni moja: moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mwingi. Mkate uliopata moto mwingi chini huungua kitako, ilhali katikati ni mbichi.

Mfuniko usifunuliwe kabla ya dakika 25. Kwa kawaida mkate huiva kwa dakika 35 hadi 45. Ukipinduliwa na kugongwa kitako, ulioiva hulia kama kitu chenye uwazi ndani. Mbichi hulia kwa uzito. Uachwe upoe kwa muda wa saa moja kabla ya kukatwa, maana ndani yake bado unaendelea kukamilika.

Kazi hii ifanywe nje au mahali penye hewa ya kutosha. Moshi wa mkaa una hewa yenye sumu isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa huweza kuua.

5. Kupunguza gharama ya ngano

Sehemu kubwa ya ngano inayotumika Tanzania hutoka nchi za nje. Vita vilivyozuka Ukraine mwaka 2022 vilipandisha bei ya ngano duniani, na mwokaji wa Pasiansi hakusalimika. Kwa hiyo ni busara kutumia mazao ya nyumbani. Aliyekwisha kuumudu mkate wa ngano tupu aweza kuondoa sehemu moja katika tano za unga na kutia viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa. Maji yapunguzwe, kwani viazi vina maji yake. Mkate huwa laini, na viazi lishe vya rangi ya chungwa huuongezea vitamini A.

6. Daftari la mwokaji

Hapa ndipo kazi ya katibu inapoanza. Vipimo vilivyotajwa hutoa donge la gramu 860 hivi, na mkate ukiokwa hupungua kwa takriban sehemu moja katika kumi, kwa kuwa maji huvukizwa. Basi anayetaka kuuza mkate wa gramu 400 hana budi kukata donge la gramu 445. Akikata kwa kukisia na kuzidisha gramu 20 tu, katika mikate 50 amekwisha kugawa bure kilo nzima ya donge. Bandu bandu huisha gogo. Akipunguza gramu hizo, amemwibia mnunuzi.

Kila siku ya kuoka yaandikwe haya: uzito wa unga uliotumika, gharama ya kila kitu pamoja na mkaa na mifuko, saa za kazi, idadi ya mikate iliyotoka, iliyouzwa, iliyoungua na iliyobaki. Makosa ya kawaida ni kuuacha mkaa nje ya hesabu kwa sababu umetoka jikoni kwa mwanachama, na kuiacha kazi kwa sababu imefanywa na wenyewe. Faida isiyolipa mkaa wala jasho si faida.

Jambo la mizani si geni kwa wanaushirika wa Ziwa. Miongoni mwa manung'uniko yaliyozaa ushirika wa pamba hapa katika miaka ya 1950, hata ukaundwa muungano wa VFCU mwaka 1955, lilikuwa mizani ya wanunuzi. Hata Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao Desemba 1844, unga ulikuwa miongoni mwa bidhaa zao chache za kwanza, nao walishikilia uuzwe safi na kwa kipimo kamili. Chama kinachouza mkate pungufu kinayasaliti yale kilichoundwa kuyatetea.

7. Kabla ya kununua tanuri

Inashauriwa wanachama watano au sita waoke majumbani kwa miezi mitatu, na madaftari yao yalinganishwe. Hesabu ikionyesha ziada baada ya gharama zote, shauri lipelekwe katika mkutano mkuu, na mkopo wowote uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, iombwe ushauri wa mitambo, na TBS iulizwe masharti ya usajili wa jengo na ya ubora wa chakula.

Hesabu ikionyesha hasara, chama hakijapoteza kitu: kimeokoa hisa za wanachama, na nyumba tano au sita zimejifunza kuoka mkate wao wa asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini anayetaka kujua kama kibaba kimejaa, sharti awe nacho kibaba, na akitumie kila siku.